Yamejaa nini? Yanayotokea ndani ya mapafu ya anayefariki kwa Uviko-19

Swali: Shikamoo daktari. Mwaka 2021 baba yangu mdogo, aliyekuwa na miaka 58, alifariki kwa Uviko-19. Wiki ya kwanza alikuwa na homa na kikohozi tu, akitembea na kula. Siku ya tisa pumzi ikaanza kumbana; akapewa oksijeni ya barakoa, baadaye akawekwa kwenye mashine, na siku ya ishirini na moja akafariki. Mkewe aliugua wiki hiyohiyo, akajifukiza nyungu, akapona. Tuliambiwa "mapafu yamejaa", na picha ya eksirei ilikuwa nyeupe karibu yote. Yamejaa nini? Kama ni maji, mbona hayakutolewa? Kwa nini oksijeni yote ile haikumfaa? Wapo ndugu wanaosema mashine ndiyo iliyommaliza. Na karatasi ya hospitali inasema "kushindwa kupumua kwa ghafla", ilhali sisi tulimwona akidhoofika kwa muda wa wiki mbili.

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa msiba ambao, kwa namna ulivyouliza, naona bado haujapoa. Sikumtibu baba yako mdogo wala sijaliona faili lake, kwa hiyo nitakachoeleza ni yale ambayo wataalamu wa patholojia wameyakuta katika mapafu ya watu waliofariki kwa mwendo kama wake: wiki moja ya homa, kisha pumzi kubana, kisha mashine. Mwendo huo ulijirudia kwa wagonjwa wengi mno duniani, na hizo siku ulizozitaja, ya tisa na ya ishirini na moja, hazimshangazi yeyote aliyefanya kazi wodini wakati ule.

Nianze na pafu zima kabla ya kuingia kwenye hadubini. Ukienda buchani ukaomba mapupu, utapewa kitu chepesi chenye rangi ya waridi, ambacho ukikibonyeza kwa kidole kinabonyea na kurudi huku kikitoa mlio mdogo wa hewa, na ukikitia kwenye beseni la maji kinaelea. Pafu la binadamu lenye afya liko hivyohivyo. Sasa mwambie muuza nyama akupimie ini: ni zito, limeshikamana, lina wekundu uliokoza, na majini linazama. Mtaalamu anayefungua kifua cha mtu aliyefariki kwa Uviko-19 mkali hukuta mapafu yaliyogeuka kufanana na ini. Wataalamu wa Hamburg, Ujerumani, walipochunguza maiti zao 12 za kwanza mwaka 2020, walikuta mapafu mawili kwa pamoja yakikaribia kilo mbili, wakati ya mtu mzima asiye na ugonjwa kwa kawaida hayafiki kilo moja. Hiyo kilo iliyozidi ndiyo unayoiulizia.

Ili kuielewa, ni lazima kwanza tuutazame ukuta mmoja mdogo sana. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vinavyokadiriwa kuwa milioni 480, kila kimoja kikiwa na upana wa takribani sehemu ya tano ya milimita, na kama vyote vingekunjuliwa na kutandazwa vingefunika sakafu ya mita za mraba 70 au zaidi. Baina ya hewa iliyomo kifukoni na damu inayopita nje yake katika mishipa myembamba kuliko yote, yaani kapilari, pana ukuta ambao sehemu yake nyembamba haifiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Uhai wetu wote unapita katika ukuta huo: oksijeni inaingia, kabonidioksidi inatoka, na damu yenyewe haivuji kuja upande wa hewa.

Upande wa hewa ukuta huo umetandikwa seli za aina mbili. Za aina ya kwanza ni bapa na nyembamba mno, nazo hufunika karibu asilimia 95 ya eneo lote. Za aina ya pili ni nene, zimejibanza kwenye pembe za kifuko, na mtu angeweza kuzidharau kwa udogo wa nafasi zinayochukua. Lakini zina kazi mbili ambazo hakuna seli nyingine inayozifanya kwa kiwango hicho. Kwanza, hutengeneza safaktanti, ute wenye mafuta unaofanya kazi kama sabuni, ambao bila huo unyevu wa ndani ya kifuko ungevuta kuta zake zikagandana kama vioo viwili vilivyolowa maji. Pili, ndizo zinazofanya ukarabati: seli bapa zinapokufa, seli za aina ya pili hugawanyika, zikajinyoosha na kuziba pengo.

Kirusi cha Uviko-19 huingia ndani ya seli kwa kushika kipokezi kinachoitwa ACE2, na katika vifuko vya hewa kipokezi hicho kinapatikana hasa kwenye seli za aina ya pili. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye kirusi hakikuishia puani na kooni bali kilishuka hadi chini, anayepigwa mwanzoni ni fundi mwenyewe. Sabuni inapungua, vifuko vinaanza kusinyaa, na ukuta ukibomoka hakuna wa kuujenga upesi. Katika uchunguzi wa maiti 41 uliofanywa Trieste, Italia, watafiti walikuta kwa watu 36 seli hizo zikiwa zimeungana zikawa mabonge yenye viini vingi, kwa sababu protini ya kirusi iliyokaa juu ya seli iliyoambukizwa huweza kuishika seli jirani na kuziyeyusha pamoja.

Hata hivyo kirusi peke yake hakitoshi kueleza kifo cha siku ya ishirini na moja. Wingi wa virusi mwilini hufikia kilele katika siku za mwanzo za dalili, kisha hushuka. Mapafu ya mgonjwa mahututi huzidi kuharibika wakati virusi vinazidi kupungua. Linaloendeleza uharibifu ni mchochota, yaani mwitikio wa mwili wenyewe, ambao kwa watu wengi huzima baada ya kazi kwisha na kwa wachache huendelea kuwaka. Seli zinazokufa hutoa ishara. Makrofaji, ambazo ni seli za ulinzi zinazoishi ndani ya vifuko, hutoa sitokini za kuita msaada. Chembe nyeupe za damu aina ya neutrofili hujazana, zikamwaga vimeng'enya vinavyokata tishu bila kuchagua ya rafiki wala ya adui. Neutrofili hizo hufanya jambo jingine ambalo kila nikilisoma hunistaajabisha: hupasuka na kurusha nyuzi za DNA yake yenyewe mithili ya nyavu za mvuvi, ili kunasa vijidudu. Nyavu hizo zikitandwa katika mishipa midogo ya pafu hunasa pia damu, ikaganda.

Hapa ndipo ukuta wetu mwembamba unapovuja. Seli zilizotandika kapilari kwa ndani huachana, na kinachopita katikati yake si maji matupu bali majimaji mazito ya damu yenye protini, na miongoni mwa protini hizo imo ile inayotengeneza fibrini, uzi uleule unaofunga kidonda cha mkononi kikakoma kutoka damu. Ndani ya kifuko cha hewa uzi huo hauna kidonda cha kufunga. Husokotana na mabaki ya seli zilizokufa, kisha kila pumzi inapoingia hubandikwa ukutani, mpaka kifuko kinatandwa utando laini, unaong'aa, unaochukua rangi ya waridi chini ya hadubini. Mtu asiye wa fani hii na afikirie ngozi inayotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa yanapopoa. Sisi tunauita utando wa hialini, na anayeuona kwenye kioo cha hadubini hana haja ya kuambiwa kwamba mgonjwa huyu alipigania pumzi.

Kwa hiyo jibu la "yamejaa nini" ni hilo: majimaji yenye protini, fibrini, chembe za damu na seli zilizokufa, vyote vikiwa ndani kabisa ya vifuko, na vikiwa vimeanza kuganda. Eksirei huonyesha hewa kwa weusi na kitu kizito kwa weupe, ndiyo maana picha ilikuwa nyeupe. Umeuliza mbona maji hayakutolewa. Huenda unamkumbuka mtu aliyechomwa sindano mbavuni akatolewa chupa nzima ya maji. Maji yale hukaa nje ya pafu, baina yake na ukuta wa kifua, na sindano inayafikia. Haya ya baba yako mdogo yamegawanyika katika vifuko mamilioni, kila kimoja na tone lake lililoganda. Hakuna mrija unaoweza kuyafuata huko. Dawa za kukojoa nazo, ambazo humsaidia mgonjwa wa moyo aliyejaa maji mapafuni, hapa hupunguza kidogo tu, kwa kuwa tatizo si presha ya maji bali ukuta uliotoboka.

Uharibifu wa aina hii haukuanza na Uviko-19. Madaktari wa Marekani waliueleza mwaka 1967 katika wagonjwa 12 ambao wengine walikuwa majeruhi na wengine wana maambukizi, bila sababu moja ya kuwaunganisha isipokuwa mapafu yaliyokakamaa na oksijeni isiyopanda. SARS ya mwaka 2003, ugonjwa wa mapafu wa kirusi ndugu wa hiki, iliyoua watu 774, iliacha utando uleule. Mafua ya ndege ya H5N1 vilevile. Mtu akiniwekea kipande cha pafu chini ya hadubini bila maelezo, naweza kumwambia kwamba vifuko vimeharibika kwa upana, lakini siwezi kumtajia kirusi mpaka vipimo vingine vifanyike.

Jambo moja, hata hivyo, Uviko-19 uliliongeza kwa kiasi kisichokuwa cha kawaida, nalo ni kuganda kwa damu. Watafiti waliolinganisha mapafu ya watu saba waliofariki kwa Uviko-19 na ya wengine saba waliofariki kwa mafua makali ya H1N1 walikuta vibonge vidogo vya damu ndani ya kapilari za vifuko vikiwa mara tisa zaidi kwa wale wa Uviko-19. Kaskazini mwa Italia, kati ya maiti 38 zilizochunguzwa, 33 zilikuwa na mabonge ya fibrini na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuganda) katika vijishipa vya mapafu. Maana yake ni kwamba hata vile vifuko vilivyobaki wazi na kupata hewa vilikosa damu ya kupokea hiyo hewa. Na wakati mwingine bonge lilikuwa kubwa: kati ya wale 12 wa Hamburg, wanne waliuawa moja kwa moja na bonge lililotoka kwenye mishipa ya miguu likaziba mshipa mkuu wa pafu.

Sasa tunaweza kulijibu swali la oksijeni, ambalo naona ndilo linalokukera zaidi. Barakoa na mtungi huongeza oksijeni katika hewa inayofika mapafuni, lakini haviwezi kuipitisha mahali ambapo hewa haifiki. Damu inayopita kando ya kifuko kilichojaa hurudi moyoni ikiwa nyeusi kama ilivyokuja, kisha huchanganyika na ile iliyobahatika kupita penye kifuko kizima, na mchanganyiko huo ndio unaopelekwa kwenye ubongo na figo. Ukiongeza mtungi wa pili, unaineemesha zaidi ile damu ambayo tayari imejaa oksijeni. Iliyopita penye vifuko vilivyofungwa haipati chochote. Vifuko vilivyofungwa vikiwa vichache, oksijeni ya ziada huokoa maisha, na ukosefu wa mitungi katika hospitali zetu uliua watu ambao wangepona. Vikiwa nusu ya pafu au zaidi, hesabu haifungi tena.

Pengine hilo pia linaeleza kwa nini alikuwa akitembea na kula huku mapafu yakiharibika. Kabonidioksidi hupenya ukuta kwa wepesi wa takribani mara 20 kuliko oksijeni, nayo ndiyo inayomfanya mtu ahisi kubanwa. Ilimradi inatoka, mgonjwa anaweza kuzungumza na kujibu simu huku kipimo cha kidoleni kikisoma asilimia 80, ambapo kwa mtu mzima hutarajiwa 95 na kuendelea. Wengi waliletwa hospitali na ndugu waliodhani mgonjwa "amechoka tu". Simlaumu mtu kwa hilo. Mwili wenyewe ulikuwa ukidanganya.

Kuhusu mashine, ndugu zako hawakosei kabisa, ingawa hitimisho lao si sahihi. Wengi waliowekwa kwenye mashine walifariki kwa sababu waliowekwa walikuwa wale ambao mapafu yao yalikuwa yameshafungwa. Bila mashine wengi wao wangefariki mapema zaidi. Lakini ni kweli pia kwamba mashine huweza kuumiza pafu. Mwitaliano Luciano Gattinoni alionyesha tangu miaka ya 1980, kwa picha za CT, kwamba kwa mgonjwa wa namna hii sehemu inayobaki wazi ni ndogo mithili ya pafu la mtoto, ingawa kifua ni cha mtu mzima. Ukiisukumia hewa ya mtu mzima, vifuko vichache vilivyo hai hupanuliwa kupita kiasi na kuchanika. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa na pumzi ya mililita 6: vifo vilikuwa asilimia 39.8 kwa pumzi kubwa na asilimia 31 kwa pumzi ndogo. Kumlaza mgonjwa kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kwa siku husaidia vilevile, kwa sababu sehemu kubwa ya pafu iko mgongoni, nayo mgonjwa akilala chali hugandamizwa na uzito wa pafu lililojaa pamoja na moyo. Mashine basi ni gongo la kumshikilia mgonjwa wakati mapafu yanajaribu kujitengeneza, na gongo hilo linataka mikono ya watu waliofunzwa, usiku na mchana. Hao ndio waliokuwa adimu kuliko mashine zenyewe.

Na mapafu hujaribu kweli. Baada ya wiki ya kwanza ya uharibifu, ukichukua kipande utakuta utando umeanza kuliwa na makrofaji, seli za aina ya pili zilizosalia zinagawanyika kwa kasi na kutandika upya kuta, na pamoja nazo zimeingia seli zinazofuma kolajeni, kitambaa cha kovu. Kwa anayepona, kazi hiyo husimama kwa wakati wake. Kwa anayefariki wiki ya tatu, mara nyingi tunakuta hatua zote zikiwa zimechanganyika katika pafu moja: hapa utando mpya, pale ukuta ulionenepa kwa kovu, kando yake kibonge cha damu, na mahali pengine usaha wa bakteria waliovamia wakati ulinzi umevurugika. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kupita katika mishipa hiyo iliyoziba, huchoka, figo hukosa oksijeni, presha hushuka. Kifo chenyewe mara nyingi huja kwa mlango huo.

Mkewe alipona, na nafurahi. Watu wengi walioambukizwa walipona, wenye nyungu na wasio na nyungu. Mvuke ukivutwa hupoa na kugeuka maji puani, mdomoni na kooni, ukamfariji mwenye mafua. Haufiki kwenye vifuko, na kama ungefika haungeondoa fibrini. Tofauti kati yao wawili inawezekana ilikuwa katika saa za mwanzo za ulinzi. Mwili una protini zinazoitwa interferoni, ambazo ni kengele ya kwanza dhidi ya virusi. Mwaka 2020 watafiti waliwapima wagonjwa 987 wa Uviko-19 mkali wakakuta 101 kati yao wana kingamwili zinazozizima interferoni zao wenyewe, na 95 kati ya hao 101 walikuwa wanaume. Umri, kisukari, unene na shinikizo la damu navyo vina uzito wake. Ni lipi kati ya haya lilimhusu baba yako mdogo, kipimo hakikufanyika na mimi sitabahatisha.

Niongeze neno juu ya deksamethasoni, dawa ya kutuliza mchochota, kwa sababu wengi walikimbilia duka la dawa kuinunua siku ya kwanza ya homa. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa Juni 2020 ulionyesha kwamba miligramu 6 kwa siku zilipunguza vifo vya waliokuwa kwenye mashine kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na vya waliokuwa kwenye oksijeni kutoka 26.2 hadi 23.3. Waliokuwa hawahitaji oksijeni hawakufaidika, na dalili ilikuwa kwamba pengine iliwadhuru. Ukishaelewa kwamba wiki ya kwanza ni ya kirusi na ya pili ni ya mchochota, matokeo hayo hayana ajabu: dawa inayotuliza ulinzi ina faida pale tu ulinzi unapokuwa ndio unaobomoa.

Imebaki karatasi ya hospitali. Neno "ghafla" katika lugha yetu ya kitabibu halimaanishi dakika wala saa. Kwa ugonjwa huu, vigezo vilivyokubaliwa mwaka 2012 vinasema hali ijitokeze ndani ya wiki moja tangu chanzo kijulikane au dalili za kupumua zizidi. Tena, fomu ya sababu za kifo huandikwa kwa ngazi. Mstari wa juu ni kile kilichomwondoa mtu mwishoni, na kila mstari unaofuata chini ni kile kilichosababisha ulio juu yake. Ikiwa yake imeandikwa kikamilifu, ukiisoma kutoka chini kwenda juu utakuta Uviko-19, kisha nimonia, kisha kushindwa kupumua kwa ghafla. Nazo ndizo zile wiki mbili mlizomwona, zimeandikwa kinyumenyume.